Pua ya Hester Garbutt

Hester Garbutt alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, hajaolewa, na hakuna mtu mjini Ravensby aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Kazi yake ilikuwa kupima mikojo na damu katika maabara ya hospitali, kule nyuma karibu na chumba cha kufulia, ambako wagonjwa hawafiki na madaktari hufika wakiwa na haraka zao. Akikwambia sukari ya mgonjwa imepanda, basi imepanda. Kila kitu alikipima mara mbili. Tabia nzuri hiyo, nani atasema si nzuri? Lakini ndiyo iliyomponza.

Vita vilipoingia mwaka wa pili, serikali ikaanza kukusanya watu wa maabara za tiba iwafundishe habari za gesi za sumu. Kila wilaya iwe na mtu wake mmoja. Bomu likianguka na watu wakashuku sumu, ndiye aitwe, anuse, apime, atamke. Akisema ipo, mtaa unafungwa. Akisema haipo, watu wanatoka na kwenda zao. Daktari Pickersgill, mganga mkuu, hakuwa na mwanamume wa kumtuma, maana vijana wote walikuwa wameshavaa magwanda. Akamtuma Hester, na kumnung'unikia usoni pake: "Mwanamke akisikia harufu ngeni atazimia, halafu tutakuwa na wagonjwa wawili." Hester alikwenda kufunga sanduku lake.

Mafunzo yalikuwa ya wiki mbili, mwezi wa pili, katika chuo kikuukuu cha kilimo huko nyikani, baridi inapita chini ya milango. Walikuwa kumi na tisa: wapima damu, wataalamu wa vijidudu, na profesa mmoja wa mambo ya moyo aliyekuwa na miguu baridi na malalamiko mengi. Mwalimu wao alikuwa Kapteni Rudd, mkemia asiye na kope jicho la kushoto, na hakuna aliyethubutu kumwuliza zimekwenda wapi.

"Haradali inanuka kama kitunguu saumu," alikuwa akiwaambia, akipitisha vichupa. "Hii ya mapafu, kama majani makavu ya ng'ombe. Na mnanusa mara moja tu. Mnanusa kama mnavyombusu shangazi mwenye ndevu: unagusa, unatoka. Pua ikinusa mara ya kwanza inasema kweli. Mara ya pili imeshalewa, na mlevi atakwambia chochote."

Siku ya tatu kila mmoja alidondoshewa tone la gesi ya haradali mkononi, chini ya kiwiko, dogo kuliko kichwa cha pini. Ilikuwa saa nne asubuhi. Hester hakuhisi kitu. Alikula mchana, akaandika maelezo yake, na kufika saa kumi na mbili jioni ngozi ilikuwa nyekundu. Kesho yake lengelenge lilikuwa limetuna kama yai la njiwa. Kapteni Rudd alilitazama, akatikisa kichwa.

"Huo ndio ushetani wake," alisema. "Haiumi inapokuingia. Unakaa nayo, unakunywa nayo chai. Ukioga ndani ya dakika tano umepona. Ukichelewa, umekwisha."

Hester aliogopa, na hofu yake haikuwa ya vitabuni. Baba yake, mzee Amos, mchukuzi wa mizigo stesheni, alivuta gesi hiyo hiyo mwaka wa kumi na saba, katika vita vile vya kwanza huko Flanders, akarudishwa nyumbani na mapafu yaliyochanikachanika. Ngazi za nyumba yao zilikuwa kumi na mbili na alizipanda kwa vituo vitatu. Miaka ishirini na minne Hester alikuwa akilala huku akiusikiliza ule ukohozi, na ukinyamaza alikuwa akiinuka kitandani kusikiliza vizuri zaidi. Aliogopa kwamba siku moja ataitwa, atakosea, na watu wa mtaa mzima watakohoa hivyo kwa sababu yake.

Basi siku ya tisa kikaja kichupa cha gesi yenye arseniki. Hiyo inanuka kama jereniamu, ua lile la chungu ambalo kwetu kila mama huliweka dirishani. Hester alinusa mara moja, kama alivyofundishwa, na mara alimwona marehemu mama yake pale dirishani, mkono una kopo la maji, anakwanyua majani yaliyokauka. Alikuwa hajamwona hivyo tangu mazishi. Hakukumbuka kapteni, hakukumbuka shangazi mwenye ndevu. Akainama akavuta tena, kwa nguvu, kifua kizima.

Macho yakamchuruzika, pua ikawaka moto, akapiga chafya mpaka akashika meza. "Mafua," alisema. Profesa wa moyo akampa leso. Siku iliyofuata, sabuni haikunuka. Wiki iliyofuata, nyumbani, chai ilikuwa maji ya moto tu, na mkate ulikuwa kama kutafuna gazeti.

Itarudi, alijiambia. Na hakumwambia mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakufanya kazi chini ya Daktari Pickersgill. Angeanzia wapi kumwambia kwamba mwanamke aliyemtuma hakuzimia, ila alinusa ua la mama yake? Na akiondolewa yeye, wilaya itakaa bila mtu mpaka mafunzo ya vuli. Alikuwa na vyeti, alikuwa na joho la mpira na sanduku la vipimo, alikuwa na kila kitu isipokuwa pua.

Aliyemgundua ni baba yake. Hester alikuwa anapasua kuni, maziwa yako jikoni nyuma yake.

"Maziwa yanaungua, wewe."

"Nasikia, Baba."

"Husikii kitu. Moshi umejaa huku na wewe unapasua kuni kama uko msituni." Alikohoa, akapumzika, akacheka kidogo. "Pua imekufa hiyo. Serikali imenunua bunduki haina risasi."

Hester aliketi chini akalia, na mzee akamwacha alie. Halafu mzee akavimwagia viazi vyake siki na haradali ya chupa, nyingi, kama kawaida yake, mpaka vikaogelea. Mzee huyo alikuwa na vituko. Kila asubuhi alikuwa akimsogezea Hester jagi la maziwa na kusema, "Onja wewe kwanza, kama yamechacha," utadhani ni sultani anayeogopa kupewa sumu. Hester alizoea.

"Ukiitwa," mzee alisema, "uniambie."

Akaitwa mwezi wa tano. Ndege zilikuwa zimeupiga mji tangu jioni, na saa kumi na mbili asubuhi, watu wakiwa ndiyo kwanza wanatoka chini ya meza na ngazi, Bwana Tindall, mkuu wa walinzi wa mtaa, alifika na gari la muuza mikate.

"Bi Hester, twende. Kanisa la Wamethodisti, karibu na ghala la mbao. Kuna kitu kimemwagika mlangoni kwa handaki. Cheusi, kinateleza kama mafuta. Na kinanuka vitunguu." Alimeza mate. "Nimekinusa mwenyewe."

Hester alisimama na sanduku mkononi.

"Na mimi naja," mzee Amos alisema, na tayari alikuwa anatafuta koti. Alikuwa ameteleka birika la chai, akaliacha pale pale jikoni.

"Mzee, hapo si pa kwenda na kifua chako," Bwana Tindall alisema.

"Kifua changu kimefika huko kabla yako, kijana. Fungua mlango."

Handaki la kujifichia mabomu lilikuwa chini ya kanisa, na ndani yake walikuwamo watu sitini na wanne. Walinzi walikuwa wamefunga mlango wake na kuziba nyufa kwa mablanketi ya maji, kama amri inavyosema. Mbele ya mlango, ngazi zote na nusu ya njia zilikuwa zimetapakaa uji mweusi. Ng'ambo ya pili kiwanda cha achari ya vitunguu kilikuwa kimeangukia barabarani na mitungi yake. Ubavuni mwa kanisa, ghala la mbao lilikuwa linawaka, na bomba kuu la maji lilikuwa limepasuka, kwa hiyo wazimamoto walikuwa wamesimama na mipira mitupu mikononi. Sanduku la posta pale kona lilipakwa juu ile rangi ya kijani inayobadilika gesi ikiigusa. Ilikuwa nyekundu.

"Gesi basi," Bwana Tindall alisema.

"Si lazima," Hester alisema ndani ya kinyago cha gesi. "Hata vanishi huibadilisha. Hata mafuta ya kuchanganyia rangi." Hayo alikuwa na hakika nayo. "Nipe dakika ishirini nipime."

"Moto unakupa dakika kumi tu, mama. Kikosi cha kuosha watu kiko upande wa pili wa mji. Nusa uniambie. Si ndicho ulichofundishwa?"

Ndicho alichofundishwa. Alijua kabisa kinachotakiwa. Ikiwa gesi, watu watolewe wamefunikwa, wasikanyage, wapelekwe mbio mtoni wakaogeshwe kabla dakika tano hazijaisha, hata kama maji ni ya baridi. Ikiwa si gesi, wafungue mlango watoke tu. Alishika ukingo wa kinyago, asikivue. Kutoka chini ya mlango alisikia watu wanakohoa moshi, na mmoja anapiga mbao kwa kiatu.

Mzee Amos alimpita. Aliweka magoti yake chini, polepole, ukingoni mwa ule uji, akavua kinyago chake. Bwana Tindall alikuwa ameshageuka kuwapigia kelele wazimamoto. Mzee akainama, mkono mmoja chini kujishikiza, akavuta pumzi mara moja. Akatoka. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga na jasho linamtiririka.

"Vanishi," alimwambia Hester kwa sauti ya chini. "Vanishi na vitunguu vya watu. Haradali naijua mimi. Siyo."

"Una hakika, Baba?"

"Toa watu, Hester."

Basi Hester akamwita Bwana Tindall, akasema, "Hakuna gesi," na kwa mara ya kwanza Ravensby ilisikia sauti yake. Karatasi ya serikali aliitia sahihi juu ya boneti ya gari la mikate. Watu wakatoka. Walitoka wanakimbia, na kanzu za kulalia, na sandali, wengine peku, wakikanyaga ule uji, wakianguka ndani yake na kuinuliwa. Dakika saba baadaye paa la kanisa likaingia ndani. Walikuwa wote wameshatoka, sitini na wanne, wamepelekwa ukumbi wa shule kupewa chai, na mwanamke mmoja alimshika Hester mikono akaibusu glavu ya mpira.

Walirudi nyumbani saa mbili na nusu. Hester alibaki uani anasugua joho na viatu. Alikuwa karibu kuimba. Baba yake alikuwa ameingia jikoni kuketi.

Jirani yao Mabel Stott, mwanamke wa maneno mengi, alikuja na birika tupu kuomba maji. Alifungua mlango wa jikoni akarudi nyuma.

"Mungu wangu, nyie mnataka kufa? Gesi ya jiko imejaa mpaka kwangu inanuka! Amos, tupa hicho kiberiti! Kitupe!"

Alipita na aproni puani, akafunga jiko, akafungua madirisha kwa vishindo. Ilikuwa hivi: gesi ya majumbani ilikatika walipokuwa kanisani, moto ukazimika chini ya birika la asubuhi, halafu gesi ikarudi na jiko liko wazi. Mzee Amos alikuwa ameketi hatua moja kutoka hapo, kiberiti mkono wa kushoto, njiti mkono wa kulia.

"Na wewe umekaa juu yake unaitazama!" Mabel alisema. "Pua umeiweka wapi?"

Hester alikuwa mlangoni, brashi inadondosha maji. Alimtazama baba yake, na mzee hakumtazama. Mabel alisema mengine mengi, akajaza birika, akaenda. Wakabaki wawili.

"Umekaa hapo muda gani, Baba?"

"Sasa hivi tu."

"Robo saa." Hester aliweka brashi chini. Siki. Haradali ya chupa. Onja wewe kwanza. "Pua yako ilikufa lini?"

Mzee alikirudisha kijiti ndani ya kiberiti, kwa uangalifu. "Mwaka wa kumi na saba," alisema. "Na mapafu. Siku moja."

"Ulisema unaijua."

"Naijua. Mpaka leo naikumbuka. Kunusa ndiyo siwezi."

"Maziwa yale..."

"Niliona moshi, mwanangu. Macho ninayo."

Hester aliangalia saa ya ukutani na hofu ikampanda kutoka miguuni, hofu halisi ambayo asubuhi alidhani ameimaliza. Watu sitini na wanne walikuwa wamekaa saa mbili na nusu na uji ule kwenye miguu na nguo. Wanakunywa nao chai. "Ungesema hujui!" alilia. "Ningewaosha! Dakika tano, Baba! Ningewaondoa kwa mablanketi, ningewatia mtoni!"

"Wangapi ungewafunika kwa dakika kumi? Na wewe ulikuwa umesimama kama nguzo." Hakulisema kwa ukali. "Sikunusa kitu. Nilitazama moto. Malengelenge mtu anapona. Mimi si huyu hapa? Majivu hayaponi."

Hester hakungoja. Alikimbia mpaka ukumbi wa shule akiwa na viatu vya mpira, akamvuta Bwana Tindall nyuma ya ubao, akamwambia yote, pua yake na pua ya baba yake. Midomo ya yule bwana ikawa myeupe.

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

"Mke wangu alikuwa mle ndani," Bwana Tindall alisema. Halafu akaenda kutafuta maji.

Waliwaogesha watu wote kwa maji yaliyoletwa na mikebe ya maziwa, wakawavua nguo wakazitupa nje, wakawavika mablanketi, wakawadanganya kuwa ni utaratibu. Hester alijua kuwa kuoga baada ya saa mbili na nusu ni kumfungia zizi ng'ombe aliyeibwa. Alichukua sampuli akaipeleka maabara, lakini madirisha ya maabara yalikuwa chini na chupa zake zote zimechanganyika na vigae. Hakukuwa na cha kupimia isipokuwa ngozi za watu. Akarudi akakaa, akazunguka, akatazama. Viwiko, shingo, makwapa, macho ya watoto. "Habari ya macho? Hayawashi?" Aliuliza mpaka wakaanza kumtania.

"Bi Hester huyu ananipenda," mzee mmoja alisema. "Ameniuliza macho mara tano."

Alicheka na wenzake. Alikuwa ameanguka ndani ya uji ule mpaka nywele.

Saa nane mchana, mke wa Bwana Tindall aliinua mkono kuchana nywele, na Hester akaona wekundu shingoni, upana wa kiganja. Masikio yakamziba. Alikwenda akaketi karibu naye, akamkunja yule mama ukosi, akaugusa. Ulikuwa na joto. Alipandisha mkono wa gauni lake mwenyewe akatazama lile kovu lake chini ya kiwiko, akahesabu saa. Saa zililingana.

"Blanketi lenu hili lina miiba," yule mama alisema akijikuna. "Sufu gani hii?"

Hester alikaa naye. Saa tisa, wekundu uko vile vile. Alimbadilishia blanketi kwa shuka, akakaa. Bwana Tindall alikuwa amesimama mlangoni, anamwangalia Hester, siyo mke wake. Saa kumi wekundu ulikuwa umepungua. Saa kumi na moja haupo. Jua lilipofika kwenye ukingo wa dirisha hakukuwa na jicho lililovimba ukumbini wala ngozi iliyotuna, na watu walikuwa wanagombania biskuti. Hester alitoka nyuma ya shule akatapika.

Alimkuta baba yake kwenye kiti kile kile. Hakuwa amekula. Mkono wa kushoto wa shati ulikuwa umekunjwa mpaka kwapani, na ule mkono ulikuwa umelazwa juu ya meza, mbele yake, kama kitu cha mtu mwingine. Kuanzia kifundo mpaka kiwiko ngozi ilikuwa imepakwa uji mweusi, sasa umekauka na unang'aa kwa mbali.

"Nilijipaka pale nilipoinama," alisema. "Nilijua, ikiwa ndiyo, mimi ndiye wa kwanza. Ningekutumia Mabel."

Alikuwa ameutazama mkono ule tangu asubuhi. Hester alichukua kitambaa akausugua kuanzia kifundo. Haukutoka. Chini yake ngozi ya mzee ilikuwa baridi, imekunjamana, haina kitu. Ilikuwa ni vanishi ya milango, kutoka ghala la mbao.

"Ungeniambia mchana," Hester alisema.

"Ungekaa hapa kuutazama wangu. Wale walikuhitaji."

Usiku ule ule Hester aliandika barua kwa Daktari Pickersgill: pua yangu imekufa tangu mafunzo, nilinusa mara mbili, tafuteni mwingine. Daktari alisema aliyoyasema, na aliyasema mbele ya watu. Hester alirudi kwenye mikojo na damu yake mpaka alipostaafu. Vanishi ilikaa mkononi mwa mzee Amos wiki sita, ikibanduka kidogo kidogo, na aliyemwuliza alimwambia alikuwa anapaka mlango.

Na Mabel Stott, ambaye hakuwahi kuambiwa habari ya kanisa lakini habari ya jiko alikuwa ameiona kwa macho yake, alifika kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa iliyofuata. Hakubisha hodi. Alikuwa akifungua mlango wa jikoni, anaingiza kichwa, ananusa mara moja, na kusema, "Haya, washeni."